Siri ya fishi yako: kopi inapotoka katika rezo ya hospitali

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayesoma ukurasa huu nyumbani,

Kila mwaka unaitwa hospitalini kwa kipimo. Unapimwa macho na masikio, unapigwa picha ya kifua, unatoa damu na mkojo. Unaulizwa kama unakohoa usiku, kama unakunywa pombe, kama umewahi kuanguka na kuzimia. Bibi yako naye anakuja na mimba, watoto wanakuja na malaria. Yote yanaandikwa. Ukihesabu miaka 15 ya kazi, utaona kwamba hospitali inajua juu ya mwili wako mambo mengi kuliko ndugu yako wa tumbo moja.

Zamani mambo hayo yalikuwa katika fishi ya karatasi, na fishi ilifungwa katika kabati la chuma. Mtu aliyetaka kuisoma alipaswa kupita mbele ya infirmie mwenye ufunguo. Leo fishi nyingi zimeingia katika ordinatere, ile mashini ambayo wengine wanaiita kompyuta. Kabati halionekani tena kwa macho. Basi wafanyakazi wengi wanatuuliza: «Kama fishi yangu inatunzwa hospitalini, kwa nini mtu wa dispensere ya kartye anajua kwamba mwili wangu haupatani na penisilini? Na kama huyu anajua, chefu wangu naye anajua nini?»

Swali hilo ni la haki. Jibu lake liko katika kazi moja ambayo mafundi wa ordinatere wanaifanya kila siku: kutoa kopi ya habari katika rezo iliyofungwa vizuri, na kuipeleka kwenye serveri isiyofungwa sana. Leo tutaeleza kazi hiyo polepole. Hatutaki kuwageuza ninyi kuwa mafundi wa ordinatere. Lakini mtu asiyejua fishi yake inakwenda wapi anaogopa, na mtu anayeogopa anaficha ugonjwa. Anayeficha kikohozi cha kifua kikuu anawapa wenzake wa ekipe ugonjwa huo, kisha anawapelekea watoto wake nyumbani.

MANENO MATATU KWANZA

Serveri ni ordinatere isiyozimwa, kazi yake ni kutunza habari na kuzigawia ordinatere nyingine zinapouliza.

Rezo ni njia inayounganisha ordinatere hizo, kwa nyuzi au kwa mawimbi ya hewani.

Daftari, katika makala hii, ni habari zote zilizopangwa ndani ya serveri kwa mistari na safu, kama daftari la pointaji. Mafundi wanaliita baze ya data. Mstari mmoja ni wa mtu mmoja. Safu moja ni ya jambo moja: jina, matrikule, tarehe ya kuzaliwa, ugonjwa, dawa.

Sasa fikiri vyumba viwili. Chumba cha kwanza ni rezo ya hospitali. Ikiwa imetengenezwa vizuri, haina mlango wa kutokea kwenye intaneti, watu wachache wana neno la siri la kuingia, na kila anayefungua fishi anaacha jina lake na saa aliyoifungua. Chumba cha pili ni serveri ya nje. Hii inatumiwa na dispensere za kartye, posti za msaada wa kwanza karibu na shimo au karieri, na biro ya usalama. Watu wa chumba cha pili si watu wabaya. Lakini mlango unaopitiwa na watu 200 hauwezi kufungwa kama mlango unaopitiwa na watu 5. Kuna ordinatere nyingi, kuna maneno ya siri yaliyoandikwa kwenye vipande vya karatasi, kuna mtu aliyekwenda kula na kuacha mashini imewaka.

KWA NINI TUSIFUNGE YOTE?

Mtu mmoja atasema: «Acheni kila kitu hospitalini, mambo yaishe.» Tungefanya hivyo kama ugonjwa ungechagua saa na mahali. Lakini mtu wa zamu ya usiku anakatwa mguu saa 8 za usiku, mbali na hospitali. Infirmie wa posti anataka kumpa dawa ya kuzuia kidonda kisioze. Kama mgonjwa ni yule ambaye penisilini inamfunga koo na kumshusha tansio, sindano hiyo inaweza kumuua kwa dakika chache. Mgonjwa mwenyewe labda amezimia, hawezi kusema. Habari moja fupi, «asipewe penisilini», lazima iwe pale posti.

Biro ya usalama nayo ina haja. Ikiwa katika sehemu moja ya kiwanda masikio ya watu yanazidi kufa mwaka baada ya mwaka, lazima ijue, ili mashini yenye kelele ifunikwe na watu wapewe vizibo vya masikio. Hospitali ikikaa kimya na daftari lake, hakuna atakayeona.

Kwa hiyo kopi inahitajika. Kazi ni kujua kopi ya nini, kwa nani, na kwa njia gani.

CHAGUA KABLA YA KUTOA

Wewe wa konsantrateri unajua: hatupeleki mlima mzima kwenye tanuru. Jiwe linavunjwa, linasagwa, linachaguliwa, na kile kinachohitajika peke yake ndicho kinachoendelea. Kopi ya daftari inafuata njia hiyo hiyo. Kosa kubwa ni kupeleka daftari zima kwa sababu ni rahisi, kisha kusema «tutachagua huko mbele».

Angalia pia jeto ya lampisteri. Ukishuka shimoni unaitundika ubaoni. Ina namba. Inasema jambo moja tu: mtu wa namba hii yuko chini. Haisemi kama ana ugonjwa wa sukari, haisemi kama bibi yake ameharibu mimba. Hata hivyo siku ya ajali jeto hiyo inaokoa maisha, maana waokozi wanajua ni nani wa kumtafuta. Kopi nzuri inafanana na jeto: ni ndogo, lakini inatosha kwa kazi yake.

Kwa mfano, kopi zinaweza kugawanywa hivi:

– Posti ya msaada wa kwanza: jina, matrikule, dawa ambazo mtu asipewe, na namba ya simu ya jamaa wa kuitwa.

– Farmasi ya dispensere: jina, matrikule, dawa zilizoandikwa na munganga, na zile asizopatana nazo.

– Biro ya usalama: hesabu tu. Watu wangapi wamepimwa, wangapi masikio yao yamepungua, katika sehemu gani ya kazi. Hakuna jina, hakuna matrikule.

– Chefu wa kazi: anafaa, hafai, au anafaa kwa masharti, pamoja na tarehe ya kipimo kijacho.

Shika vizuri mstari huo wa mwisho. Shirika la Kazi la Kimataifa, linaloitwa OIT kwa Kifaransa, lilitoa mwaka 1985 Mapatano namba 161 juu ya huduma za afya kazini, pamoja na Maagizo namba 171. Maagizo hayo yanasema kwamba jibu ambalo munganga wa kazi anampa mwajiri lisiwe na habari za kiganga. Lionyeshe kama mtu anafaa kwa kazi, au ni kazi za namna gani asifanye. Basi karatasi ya chefu itasema «asifanye kazi juu ya ngazi, asiendeshe mashini». Haitasema kwamba mtu huyu ana kifafa. Chefu anapata anachohitaji ili mtu asianguke, na ugonjwa unabaki kati ya mgonjwa na munganga.

KUFICHA SI KUONDOA

Hapa watu wengi wanadanganyika, hata wenye kusoma. Fundi anapeleka daftari zima kwenye serveri ya nje, kisha anatengeneza kioo cha ordinatere kisionyeshe safu ya ugonjwa. Infirmie anaangalia, haoni. Wote wanafurahi. Lakini safu ile iko pale pale ndani ya serveri. Anayejua kupita nyuma ya kioo ataikuta. Ni kama kufunika shimo kwa turubai: aliyesimama mbali anaona ardhi, anayekanyaga anaanguka.

Safu isiyotakiwa lazima ibaki katika chumba cha kwanza. Kuchagua kunafanyika ndani ya rezo ya hospitali, kabla kopi haijatoka. Kile ambacho hakikutoka, hakuna mwizi wa nje atakayekikuta nje.

JINA LIKITOLEWA, JE, INATOSHA?

Wengine wanasema: «Ondoeni majina tu, mpeleke mengine yote.» Sikia habari ya kweli iliyotokea Marekani, tena kwa wafanyakazi kama sisi.

Katika jimbo la Massachusetts, miaka ya 1990, ofisi iliyosimamia bima ya afya ya watumishi wa serikali ilitoa kopi ya habari zao za hospitali kwa watu wa uchunguzi. Ilikuwa habari ya watumishi karibu 135,000 pamoja na jamaa zao. Majina yaliondolewa, anwani ziliondolewa. Zilibaki safu kama tarehe ya kuzaliwa, mume au mke, na namba ya posta ya mtaa. Watu waliambiwa kwamba siri yao ni salama.

Mwanafunzi mmoja wa ordinatere, Latanya Sweeney, alinunua kwa dola 20 orodha ya wapiga kura wa mji wa Cambridge. Orodha hiyo ilikuwa wazi kwa kila mtu, na ilikuwa na jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya posta. Akaweka orodha mbili kando kando. Alimtafuta gavana wa jimbo mwenyewe, William Weld, ambaye mwaka 1996 alianguka na kuzimia mbele ya watu akapelekwa hospitali. Katika Cambridge watu 6 tu walizaliwa siku moja na gavana. Kati yao wanaume walikuwa 3. Mwenye namba yake ya posta alikuwa mmoja: yeye. Hivi ndivyo fishi ya gavana ilivyojulikana, ijapokuwa haikuwa na jina.

Sasa rudi kwetu. Tuseme kopi haina jina, lakini ina maneno haya: «mwanaume, miaka 57, mtu wa baruti, ekipe ya usiku, silikozi.» Katika ekipe hiyo kuna wazee wangapi wa baruti wenye miaka 57? Kabla ya saa ya kula kila mtu atajua ni nani. Kwa hiyo hesabu zinazokwenda biro ya usalama zisiwe za vikundi vidogo sana. Kama katika kikundi kuna watu wawili au watatu tu, hesabu yao ichanganywe na ya kikundi kingine. Na tarehe kamili ya kuzaliwa haina kazi pale: «miaka 50 mpaka 59» inatosha.

KLAPE YA POMPE

Tumesema juu ya kitu kinachotoka. Sasa tuseme juu ya njia yenyewe.

Ninyi wa kutoa maji shimoni mnajua klape. Pompe inasukuma maji juu kwa bomba. Pompe ikisimama, maji yale mazito yanataka kurudi chini kwa nguvu. Klape inafunga: maji yanapanda tu, hayarudi. Bila klape, kila pompe ikisimama shimo lingerudishiwa maji yake.

Njia kati ya vyumba viwili inahitaji klape yake. Rezo ya hospitali ndiyo inayosukuma kopi kwenda nje. Serveri ya nje isiwe na ruhusa ya kubisha hodi hospitalini na kuchukua yenyewe. Sababu ni hii: serveri ya nje ndiyo rahisi kuvamiwa. Ikiwa ina ufunguo wa kuingilia hospitalini ili kuchukua kopi, mwizi akiikamata serveri ameukamata na ufunguo. Hataridhika tena na kopi ndogo. Ataingia katika daftari lenyewe.

Jambo la namna hiyo limeonekana katika nchi tajiri yenye mafundi wengi. Huko Singapore, kati ya 27 Juni na 4 Julai 2018, wezi walitoa habari za wagonjwa milioni 1.5 katika daftari la hospitali za SingHealth. Kwa watu karibu 160,000 walichukua hata habari za dawa walizopewa, na mmoja wao alikuwa Waziri Mkuu wa nchi, Lee Hsien Loong. Hawakuanzia kwenye daftari. Walianzia kwenye ordinatere za kawaida za kazi, wakafika kwenye serveri nyingine za hospitali, na kati ya serveri hizo na lile daftari kulikuwa na njia iliyoachwa wazi. Tume ya uchunguzi iliyotoa ripoti yake Januari 2019 ilionyesha kwamba njia ile iliwasaidia wezi, na kwamba ingeweza kufungwa.

Kuna kifaa kinachofanya kazi ya klape kwa ukamilifu. Mafundi wanakiita diode ya data. Ndani yake kuna uzi wa kioo unaopitisha mwanga. Upande wa hospitali kuna taa ndogo inayotoa mwanga, upande wa nje kuna jicho linalopokea. Hakuna taa upande wa nje, hakuna jicho upande wa hospitali. Basi hata mwizi awe hodari namna gani, hawezi kurudisha neno moja ndani, kwa sababu hakuna cha kulirudishia. Kifaa hicho ni cha bei kubwa, na viwanda vingi vinatumia ukuta wa ordinatere uliopangwa kuruhusu upande mmoja tu. Ukuta huo ni mzuri ukiangaliwa mara kwa mara. Lakini ni maagizo yaliyoandikwa, na maagizo mtu anaweza kuyabadilisha kwa dakika moja na kusahau kuyarudisha.

Ndugu mmoja atasema: «Mimi nitabeba kopi kwa flashi, nitapita kwa miguu, hakuna rezo itakayovamiwa.» Kwa mwenda inaonekana salama. Lakini flashi ile ile ikirudi hospitalini kuchukua kopi ya kesho, inaweza kuleta virusi vya ordinatere iliyovipata nje. Hiyo ni klape iliyotobolewa. Tena flashi inaanguka mfukoni, inasahauliwa katika basi. Ikiwa hakuna njia nyingine, flashi iwe ya kazi hiyo peke yake, maandiko yake yafungwe kwa siri ili anayeiokota asisome, na ya kwenda nje isirudi ndani.

KOPI INACHELEWA, TENA KOPI SI AKIBA

Haya mawili tunayaandika hasa kwa wenzetu wa dispensere, lakini na wewe uyajue.

La kwanza: kopi ina saa yake. Kama inatoka kila siku saa 11 za alfajiri, jambo alilogundua munganga saa 3 za asubuhi halitaonekana posti mpaka kesho. Kwa hiyo kila kioo cha kopi kinapaswa kuonyesha tarehe na saa ilipotoka. Na infirmie asiseme «mashini haikuandika kitu, basi mtu huyu anapatana na dawa zote». Amuulize mgonjwa, awaulize wenzake, apige simu hospitalini. Mashini ikinyamaza, maana yake ni moja tu: haijui.

La pili: kopi inayofuata daftari kila saa inafuata na makosa yake. Mtu akifuta mistari 100 hospitalini kwa bahati mbaya, kopi nayo itaifuta. Kwa hiyo serveri ya nje haiwezi kuitwa akiba. Akiba ni kopi nyingine kabisa: inatunzwa mahali pengine, imefungwa kwa siri, na kila mara inajaribiwa kama kweli inafunguka. Akiba ambayo haijajaribiwa ni kama kizima-moto ambacho hakijapimwa: unakijua siku ya moto.

Na lazima kopi za zamani ziondolewe. Mfanyakazi aliyepewa pansheni au aliyeacha kazi hana sababu ya kubaki katika serveri ya posti. Fishi yake kamili inatunzwa hospitalini, maana silikozi inaweza kuonekana miaka mingi baada ya mtu kuacha vumbi, na siku hiyo atahitaji ushahidi wa kazi aliyoifanya.

MAJI YAKIMWAGIKA HAYAZOLEKI

Franga zikiibiwa, franga nyingine zinaweza kulipwa. Neno la siri likijulikana, linabadilishwa. Siri ya mwili ikitoka haibadilishwi. Huwezi kupewa damu nyingine wala historia nyingine.

Huko Finland kulikuwa na kampuni ya Vastaamo iliyotibu watu wenye taabu za moyo na akili. Mwizi alipata maandiko ya mazungumzo yao na wanganga. Mwaka 2020 alidai mali kwa kampuni, kisha akawaandikia wagonjwa wenyewe mmoja mmoja: «Lipa euro 200, au maneno yako yatatangazwa.» Wagonjwa walioibiwa siri zao walipita 30,000. Mwaka 2024 mahakama ilimhukumu mtu mmoja kifungo cha zaidi ya miaka 6. Hukumu hiyo ilikuwa ya haki, lakini haikurudisha siri ya mtu hata mmoja.

Katika nchi yetu munganga, infirmie, mkunga na mtu wa farmasi wamefungwa na siri ya kazi, na sheria ya makosa inamwadhibu anayeitoa. Sheria ya 14 Julai 2008 inalinda haki za watu wanaoishi na virusi vya SIDA. Na tangu 13 Machi 2023 tuna Kode ya Numeriki, ambayo ina sehemu juu ya ulinzi wa data za mtu. Sheria hizo hazisemi «isipokuwa habari ikiwa katika ordinatere». Anayefungua fishi isiyomhusu kwa kidole juu ya mashini ni sawa na aliyevunja kabati.

WEWE UFANYE NINI?

1. Uliza bila haya. Siku ya kipimo, muulize munganga au infirmie: «Katika fishi yangu, ni kitu gani kinatoka hospitalini, na kinakwenda kwa nani?» Ni haki yako kujibiwa kwa maneno unayoyaelewa.

2. Sema kweli juu ya dawa zisizopatana nawe, juu ya kikohozi, juu ya pombe. Habari ya uongo ikipigwa kopi inakuwa uongo mahali pengi.

3. Hakikisha kwamba matrikule yako na tarehe yako ya kuzaliwa vimeandikwa sawa. Watu wawili wenye jina moja wakichanganywa hospitalini, watachanganywa posti pia, na mmoja atapewa dawa ya mwenzake.

4. Ukiambiwa ulete karatasi kwa chefu, isome. Kama inataja ugonjwa wako kwa jina, rudi hospitalini uombe ile ya «anafaa» au «hafai».

5. Wewe unayefanya kazi na ordinatere ya posti: usitoe neno lako la siri hata kwa rafiki, funga kioo unapoinuka, usichomeke flashi ya muziki katika mashini ya wagonjwa, usipige picha ya kioo kwa telefone.

6. Wewe chefu: usimwombe infirmie «akuangalizie kidogo» ugonjwa wa mtu wako. Unamtia katika kosa, na kesho mwingine ataomba habari zako wewe.

7. Mama, ukiona fishi ya jirani imeachwa wazi mezani au kwenye kioo, mwambie infirmie aifunge. Usiipeleke habari kisimani.

Ndugu mfanyakazi, katika shimo tumezoea kuuliza kabla ya kuingia: Je, dari limeangaliwa? Je, hewa ni nzuri? Je, kadena iko kwenye mashini inayotengenezwa? Tuzoee kuuliza hivyo hivyo juu ya fishi zetu: Ni nini kinatoka? Kinakwenda kwa nani? Je, njia yake ina klape? Hospitali inayoweza kujibu maswali hayo matatu inastahili kuambiwa ukweli wa mwili wako. Nawe ukiueleza ukweli huo mapema, kifua kikuu kinapona, tansio inashushwa, na masikio yanalindwa kabla hayajafa.

Njoo kwenye kipimo chako siku uliyoitwa.

Munganga-msaidizi wa kampuni